Ni Betri Tu: Mhadhara Kuhusu Lori la Dizeli Lisilowaka



Kuna maneno matatu yaliyoondoka na ng'ombe wengi katika kaunti zetu hizi mbili, Homa Bay na Migori. Nimeyasikia Rongo, nimeyasikia Rodi Kopany siku ya soko, nimeyasikia Isebania hatua chache kutoka mpakani, nimeyasikia Mbita harufu ya omena ikiwa puani. Lori limelala chini ya mti, nyasi zimeota katikati ya magurudumu, na muuzaji analipiga ubavuni kwa kiganja kama anayeuza fahali. Unamuuliza mbona haliwaki. Anajibu: ni betri tu.

Huenda anasema kweli. Nimewahi kulivuta lori lililolala miezi minne, nikalifungia betri mbili nzuri, likawaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Ndiyo maana maneno hayo yana nguvu: yamewahi kuwa kweli kwa jirani wa kila mtu. Lakini lori lisilowaka ni shahidi aliyenyamaza, na muuzaji ndiye anayelisemea. Nimekuja kuwaeleza namna ya kulifanya liseme lenyewe, kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Tuanze na sababu ya malori haya kuwa mengi kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Sheria hiyo inalinda bandari, haimlindi mnunuzi wa Awendo. Gari likishaingia nchini, au likishaundwa hapa kwetu kama zinavyoundwa Isuzu pale Nairobi, hakuna anayehesabu umri wake tena. Linafanya kazi mjini hadi lichoke, kisha linaanza kuteremka barabara ya A1: Kisumu, Kisii, Rongo, Migori. Huku linakutana na kazi nzito kuliko zote lilizowahi kufanya. Miwa ya Awendo na Ndhiwa, inayopakiwa hadi springi zinalala. Mchanga wa mto na wa ziwa, ambao vumbi lake hupita kwenye filta ya hewa iliyochanika na kusaga ringi za pistoni. Samaki wa barafu, ambao maji yao hudondoka kwenye chasisi usiku kucha. Mimi sidharau malori makuukuu, yamenilisha na yamesomesha watoto wangu. Ninachosema ni kwamba lori likifika Ndhiwa likalala, limelala likiwa na historia ndefu, na betri ni mstari mmoja tu wa historia hiyo.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofaulu ilifanyiwa majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, alifuata jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua bila kufundishwa. Ukijaza upepo kwenye baiskeli kwa haraka, pampu hupata moto kule chini. Hewa ikibanwa hupata joto. Katika silinda ya lori, hewa hubanwa hadi ibaki kama sehemu moja ya 17 au 18 ya nafasi yake ya kwanza, na joto lake hupita nyuzi 500. Hapo dizeli hunyunyizwa ndani kama ukungu na kushika moto yenyewe.

Kila ninalowaambia leo linatoka hapo. Kama injini inazungushwa polepole, joto linatorokea kwenye chuma kabla ya dizeli kufika. Kama ringi zimekwisha au valvu hazifungi, hewa inatoroka badala ya kubanwa. Kama dizeli haifiki, au inafika kama matone badala ya ukungu, hakuna cha kuwaka. Betri inahusika na la kwanza peke yake. Anayesema "ni betri tu" anawaapia kwamba hayo mengine ni mazima, na hajafungua hata nati moja kuyatazama.

Naomba niwasimulie jambo ambalo bado linaniuma. Nilikuwa fundi kijana, na mama mmoja mfanyabiashara wa omena aliniomba nimsindikize kutazama lori huko Nyatike. Mumewe alikuwa amefariki, na pesa alizobeba zilikuwa za chama na za ng'ombe wake. Muuzaji akasema yale maneno matatu. Mimi, kwa kiburi cha ujana, nilikuwa nimekuja na betri mbili mpya kumwonyesha mama kwamba najua kazi. Nikazifunga, nikageuza ufunguo. Injini ikajaribu kuzunguka nusu, ikalia ko!, ikakwama. Muuzaji akasema nimeivunja mimi, kwa hiyo tuichukue. Tulipofungua hedi baadaye tukakuta konrodi moja imepinda na tope jembamba ndani ya silinda. Mto Kuja ulikuwa umevunja kingo zake msimu uliotangulia, na lori lile lilikuwa limesimama ndani ya maji. Maji hayabaniki kama hewa. Pistoni ilipopanda ikakuta maji, kitu kimoja kilikuwa lazima kipinde, na starta, kwa nguvu ya betri zangu mpya, ndiyo iliyokipinda. Mama yule alilipa. Hakunilaumu hata siku moja, na mpaka leo akinikuta sokoni ananiita mwanangu.

Tangu siku hiyo sigeuzi ufunguo wa lori lililolala kabla sijalizungusha kwa mkono. Weka gia huru, funga breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, toa waya wa betri ili mtu asiguse ufunguo ukiwa kule chini. Kisha tafuta nati kubwa iliyo katikati ya puli ya mbele ya krenki, utie spana yenye mpini mrefu, na uzungushe injini polepole upande inakozungukia. Zungusha mara mbili kamili, kwa sababu silinda hukamilisha kazi yake katika mizunguko miwili. Utahisi uzito ukija na kuachia, ukija na kuachia. Hiyo ni hewa inayobanwa, na ni hisia njema mkononi. Ikigonga na kukataa kabisa, usilazimishe. Toa nozeli zote, zungusha tena, na utazame kinachoruka kwenye matundu. Yakiwa maji, mmejua. Isipozunguka hata nozeli zikiwa nje, injini imeshikana, na mazungumzo ya betri yameisha.

Kabla hata ya spana kuna macho. Vuta kijiti cha oili. Oili nyeusi katika dizeli ni kawaida, isiwatishe. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Oili iliyozidi alama ya juu, nyepesi na yenye kunuka dizeli, inaonyesha mafuta yanavuja kutoka kwenye pampu au nozeli hadi chini. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, utazame kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Inua zulia la kebini na upapase chini ya kiti. Ziwa letu lilipanda mwaka 2020 hadi kimo kisichoonekana tangu miaka ya 1960, na mvua za 2024 zikalipandisha tena. Magari yaliyoguswa na maji miaka hiyo hayakufa yote. Mengine yamepakwa rangi. Tope laini ndani ya soketi za waya, mahali ambapo hakuna anayeosha, haliwezi kufika huko kwa vumbi la barabara.

Sasa, injini imezunguka kwa mkono na oili ni safi. Hapa tunaruhusu betri, na ziwe zenu, siyo za muuzaji. Malori mengi ya Kijapani tunayouziana huku, Canter na Isuzu za kazi, hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Mita ya umeme ya bei ndogo, ile wanayouza wenye vibanda vya redio, inatosha. Zikiwa zimetulia na zimejaa zisome 25 au zaidi. Mtu akizungusha starta, mita isiporomoke chini ya 19. Ikiporomoka na betri ni nzima, kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi: starta iliyokwisha, au injini nzito. Kisha fanya kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Gusa waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, starta ikizunguka. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa athi umeoza. Nimeona watu wakinunua starta mbili kwa kosa la waya mmoja.

Halafu nyamazeni wote, hata dalali anyamaze, msikilize. Sauti ya ta-ta-ta-ta ni umeme mdogo. Mlio mmoja, tak, kisha kimya, ni starta au mkwamo. Mlio mwembamba wa kitu kinachozunguka peke yake bila kuishika injini ni meno ya starta. Hizi zote zinatibika na hazijamfilisi mtu. Sauti ninayoiogopa mimi ni nyingine. Injini nzima ikizungushwa hulia kwa mapigo yanayolingana, kama mtwangio wa watu wanne walioelewana. Pigo moja likikosekana, nguu, nguu, nguu, fyuu, kuna silinda isiyobana. Na injini ikizunguka kwa wepesi, laini, bila pigo hata moja, kama cherehani, hewa haibaniki popote. Pengine taimingi imekatika. Hapo msipumbazwe na wepesi wake.

Mwenzenu mmoja asimame nyuma atazame ekzosi. Kama injini inazunguka kwa kasi nzuri, mizunguko 150 hivi kwa dakika au zaidi, na moshi hautoki hata kidogo, dizeli haifiki. Hiyo kwa kawaida ni habari njema: tanki tupu, filta iliyoziba, mpira uliopasuka na kuvuta hewa, au ile solenoidi ya kuzimia injini iliyokosa umeme. Piga pampu ya mkono iliyo karibu na filta huku nati ya kutolea hewa imelegezwa, mpaka povu liishe. Lakini moshi mweupe ukitoka mzito, wenye harufu ya dizeli inayochoma macho, na injini bado haiwaki, ujue dizeli imefika na haikuunguzwa. Muuzaji atasema ni baridi. Homa Bay haina baridi hiyo. Injini ya dizeli yenye mgandamizo mzuri, asubuhi ya kwetu, huwaka ndani ya sekunde chache. Moshi mweupe usioisha ni taimingi ya pampu, au nozeli zinazodondosha, au mgandamizo uliokwisha, na hili la mwisho ndilo ghali.

Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kimekanika, kama 4D33 ya Canter au 4JB1 ya Isuzu, fundi anaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja na kuona dizeli ikiruka kwa mapigo wakati wa kuzungusha. Msifanye hivyo kwenye injini mpya za kielektroniki, kama 4HK1 iliyo kwenye Isuzu FRR nyingi. Ndani ya mabomba yale dizeli hupita mgandamizo wa bari 1,000, na mchirizi wake hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Mkono umewahi kukatwa kwa ajili hiyo. Gari la aina hiyo linahitaji mtu mwenye mashine ya kusoma hitilafu, na kama Migori hayupo siku hiyo, subirini siku nyingine.

Kuhusu dizeli yenyewe, nusa ya kwenye tanki. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi, na wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli. Serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, faida ya mchezo huo ilipungua sana, lakini pampu zilizokauka kwa miaka ile hazikupona. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Fungua pia kikombe cha kukusanya maji chini ya filta, umwage yaliyomo kwenye chupa safi, uyaache yatulie. Maji yatazama chini. Ukiona utelezi mweusi kama mlenda, ni vijidudu vilivyoota kati ya maji na dizeli, na tanki lote linahitaji kuoshwa.

Mgandamizo hupimwa kwa kipimo kinachofungwa mahali pa nozeli. Injini nzima huonyesha bari 25 hadi 30 hivi. Chini ya 20 imechoka. Na hata kama namba ni nzuri, silinda zisipishane sana. Nne zilizochoka pamoja ni uzee, moja iliyoachwa nyuma ni ugonjwa. Kipimo hiki huchukua nusu siku na muuzaji ataona ni usumbufu. Lipeni kazi hiyo nyinyi wenyewe. Kwa malipo ya fundi wa siku moja mnanunua jibu la swali lenye thamani ya laki kadhaa.

Sasa kuna wale watakaowawashia. Atakuja kijana na kopo la dawa ya kupuliza, au kitambaa kilichochovywa petroli, akiweke mdomoni mwa filta ya hewa. Lori litapiga kelele, litaunguruma, watu watapiga makofi. Mkatazeni. Dawa ile hulipuka kabla ya wakati wake na huweza kuvunja ringi au pistoni, na injini iliyozoeshwa hiyo huwa haina mgandamizo wake yenyewe. Wengine watataka livutwe na trekta. Likiwaka kwa kuvutwa, zimeni, ondokeni, na mrudi kesho saa kumi na mbili asubuhi bila kumwambia mtu, mguse injini kwa mkono kuhakikisha ni baridi, kisha muombe ufunguo. Na mkiwa na nafasi, ulizeni majirani lori lilikuwa likilazwa wapi. Dereva aliyeliegesha mteremkoni kila jioni, mwaka mzima, alikuwa ameshajua jambo ambalo hakuliandika popote.

Makaratasi nitayapitia kwa haraka, ingawa yamewaliza watu kuliko pistoni. Fanyeni upekuzi wa gari kwa NTSA kupitia eCitizen, mlinganishe namba ya chasisi na ya injini kwa macho yenu, kwa tochi, siyo kwa picha ya simu. Tazameni kama gari limewekwa rehani katika rejista ya dhamana iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2017. Sheria ya trafiki haiwaruhusu kulitumia barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kubadilisha mikono bila kuandikishwa kwa jina jipya. Lori la namba za Tanzania pale Isebania msiliguse kabla ushuru wa forodha haujaelezwa kwa maandishi. Na kuhusu kasoro: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, katika kifungu cha 16, humpa kinga ya ubora anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Anayenunua kwa mwalimu au mkulima anayeuza lori lake moja hana kinga hiyo. Hata kwa mfanyabiashara, ukishalikagua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo kama muuzaji anaapa ni betri tu, aandike. Andikeni kwenye mapatano kwamba anasema injini ni nzima na inahitaji betri peke yake, aweke sahihi mbele ya shahidi. Nimewaona wauzaji wengi wakiwa hodari hadi kalamu inapotoka.

Nimeulizwa mara nyingi: je, muuzaji akikataa lisizungushwe kwa spana, nozeli zisitolewe, mita isiguswe? Ana haki, lori ni lake. Nanyi mna haki ya bei. Hapa ndipo ninapotofautiana na madalali wote. Wao hupanga bei kwa kasoro ndogo kuliko zote zinazowezekana: toa bei ya betri, lete iliyobaki. Mimi nasema lori lisilowaka lipangiwe bei kwa kasoro kubwa kuliko zote ambazo hamjaziondoa kwa kupima. Mkizungusha kwa mkono mkaona liko huru, mmeondoa mkwamo. Mkisikia mapigo yanalingana na kipimo kimekubali, mmeondoa kufunga injini upya. Kila mlichopima kinampandishia muuzaji bei kwa haki, na kila alichowazuia kupima kinamshushia. Akikataa vyote, anauza chasisi, magurudumu na vyuma. Mlipeni bei ya vyuma, au mwageni kwa heri.

Chama kikienda kutazama lori, kisimtume dereva peke yake, kwa sababu dereva hutamani usukani. Kiende na fundi asiyejulikana na muuzaji, aliyelipwa ujira wake hata mkirudi mikono mitupu, ili asiwe na sababu ya kutaka mnunue. Mwekahazina abaki nyumbani na pesa. Na fundi huyo, kabla hajagusa ufunguo, mama zangu, mwambieni aanze na spana kwenye puli.